Acheni Kuniambia Nitazame Chini

Kama kuna neno limenichosha tangu nianze kuumwa ni "angalia unapokanyaga." Wifi yangu analisema, jirani analisema, hata mteja aliyekuja kupunguziwa suruali, asiyejua nina nini, naye ananiachia hilo hilo mlangoni. Nami nikatii. Nikawa naupita mtaa wa Ngamiani shingo imekunjika kama kuku anayedonoa, na nikaanguka mara nyingi kuliko nilivyokuwa naanguka kabla ya kushauriwa.

Nina ugonjwa wa MS. Kirefu chake ni maltipo sklerosisi, na hapa Tanga ukilitamka watu wanakuuliza ni dawa ya panya au ya mende. Askari wa mwili wako mwenyewe wanalila ganda linalofunika mishipa ya fahamu, kwenye ubongo, kwenye uti wa mgongo na kwenye mishipa ya macho. Daktari alieleza kwa mchoro mzuri tu, lakini mimi fundi cherehani niliuelewa kwa njia yangu: mkanda wa cherehani umelegea. Unakanyaga pedali, gurudumu linazunguka, ila kwa kuchelewa, na siku nyingine linaruka.

Kwangu ulianzia jichoni. Jicho la kulia likawa linauma nikiligeuza, na rangi nyekundu ikafifia kama kanga iliyofuliwa mwaka mzima. Nilimshonea bibi harusi pindo la uzi wa rangi ya matofali nikiapa ni mwekundu. Nililipa gauni lile, tusilizungumze. Jicho likapata nafuu baada ya wiki kadhaa, kisha miguu ikaanza ukorofi wake. Zahanati moja ikasema presha, nyingine ikasema masikio. Wifi akasema upepo mbaya, nikanywa kombe, yale maji ya dua. Halikunidhuru, lakini halikunisimamisha wima. Mwisho tukaenda Dar kupigwa picha ya MRI, laki kadhaa pamoja na nauli na kulala, baba watoto akauza mabati aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya jiko.

Ila la miguu nililielewa siku daktari wa mishipa ya fahamu aliponiuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mama, ukinawa uso unayumba?" Nikamtazama kama mchawi. Kila nikitawadha, nikifika kwenye uso, naenda na ukuta! Nilishaangukia ndoo mara mbili, nikamsingizia mwanangu kamwaga sabuni. Akanisimamisha miguu pamoja, mikono kifuani, akasema fumba macho. Sikumaliza hata kuhesabu tatu, nilikwenda kama mnazi uliokatwa, akanidaka. Kumbe kipimo hicho kina jina la Romberg, daktari wa Berlin wa karne ya 19, na watu wameanguka mbele ya madaktari hivyo hivyo tangu enzi hizo.

Mwili unasimama kwa kusikiliza watu watatu: macho, sikio la ndani, na nyayo pamoja na viungo. Kwangu nyayo zinaleta habari zimeshachacha, kwa hiyo mzigo wote nimeyatwika macho. Yakifumba, au umeme ukikatika, nimekwisha. Na macho yenyewe si mazima. Nikigeuza kichwa haraka, duka zima linatikisika kama picha ya simu iliyopigwa ndani ya daladala. Sasa mtu wa hali hiyo unamwambia ainamishe kichwa atazame vidole vya miguu, aone nini? Aone sakafu inayocheza.

Dada wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, ndiye aliyenipa kazi. Chukua kadi, weka alama katikati, ishike mbele yako urefu wa mkono, geuza kichwa kushoto na kulia huku jicho halibanduki kwenye alama. Ikianza kufifia, punguza mwendo. Kwanza umekaa, halafu umesimama miguu mbali, kisha miguu pamoja, kisha juu ya sponji, mwisho unatembea. Zoezi la pili, alama mbili ukutani: jicho litangulie kwenye ya pili, kichwa kifuate. Ndiyo hivyo tu. Nilichukia. Nilisafiri nikitegemea mashine, nikapewa kadi!

Akanitoa kiburi kwa kuniambia kwamba huko Marekani, watu wa Chuo Kikuu cha Colorado waliwafanyia utafiti wagonjwa 88 wa MS kwa mazoezi ya namna hii ya macho na kusimama, wakautoa mwaka 2018. Wiki 14: sita za mwanzo mara mbili kwa wiki na msimamizi, nane zilizobaki mara moja, na mengine nyumbani. Walioyafanya walisimama vizuri zaidi kuliko wenzao waliosubiri, na hata kizunguzungu na uchovu vilipungua. Nikajiandikisha mwenyewe kuwa wa 89.

Kadi yangu nikaishonea kifungo chekundu cha koti. Na hapa ndipo ujuaji uliponiponza. Wiki ya kwanza nilikaa nikafanya, rahisi. Nikajiambia mimi nimeshona miaka ishirini, jicho langu limesomea sindano, hizi hatua za watoto nazirukia. Nikasimama katikati ya duka, kadi mkononi, na nyuma ya kadi zimetundikwa kanga za kuuza, doti kama kumi na mbili, na feni imewashwa. Nikageuza kichwa kushoto, nikageuza kulia. Kifungo kimetulia, lakini kanga zile zote zilianza kuogelea, maua yanakuja, mistari inakwenda, na moja imeandikwa MTAKA CHA MVUNGUNI SHARTI AINAME. Wallahi niliinama. Nilikumbatia sanamu ya kuvalishia nguo, nayo haina miguu ya kuaminika kuliko yangu, tukaenda chini pamoja, mimi juu, gauni la send-off la mtu katikati. Mteja mlangoni akasema, "Pole mama, uangalie unapokanyaga."

Dada wa fiziotherapia alicheka mpaka akatoa miwani. Ukuta nyuma ya alama uwe mtupu kwanza, akasema. Maua na mistari ni darasa la juu. Na usisimame katikati ya chumba, simama kwenye pembe, kuta mbili nyuma yako na kiti mbele. Hilo la pembe labda alishanieleza mara ya kwanza.

Sasa ujanja wangu, ambao naudai ni wangu. Nilikuwa nikisimama nasikia niko wima kabisa, kumbe nimelalia kushoto. Mwili wangu ukiniambia wima, siuamini tena. Baba watoto ni mwashi. Jioni moja nikaona timazi yake kwenye mfuko wa kazi, ile chuma yenye kamba. Nikaifunga kwenye fremu ya mlango, mbele ya kioo kirefu cha wateja. Unasimama, unatazama kiooni, unaona kamba na unaona pua yako, kitovu chako. Kamba haidanganyi wala haina ndugu. Siku ya kwanza pua ilikuwa upande mmoja wa kamba na kitovu upande wa pili. Nikajinyoosha mpaka kamba ikapita katikati, na nikahisi kama naangukia kulia! Wima wa kweli nikauona mgeni. Nikaushikilia pumzi kumi. Kesho yake kumi na tano. Baada ya hapo nafumba macho pumzi mbili, nafumbua kwenda kuangalia kamba imenikuta wapi, kama mtoto anayechungulia jibu nyuma ya kitabu. Wiki ya nne au ya tano nikifumbua naikuta kamba bado iko puani.

Sponji nilipewa bure na fundi wa makochi wa jirani, kipande cha unene wa kiganja. Msinunue. Lakini msianze nayo pia, na msiwe peke yenu nyumbani siku ya kwanza ya sponji, maana ile inavuruga habari za nyayo.

Jingine ambalo lingenikatisha tamaa ni joto. Januari na Februari, kaskazi, hapa hewa haipumuliki. Nilifanya zoezi saa nane mchana, kifungo kikawa viwili, miguu ikawa uji, nikalia nikijua ugonjwa umenirudia. Kumbe mwili ukipata joto, mishipa iliyokwisha vuliwa ganda inazidi kusuasua; daktari mmoja wa macho wa Ujerumani, Uhthoff, tangu 1890 aliona macho ya wagonjwa yakififia wakishajichosha. Ukipoa, macho yanarudi. Tangu hapo nafanya baada ya sala ya alfajiri, kitambaa cha maji shingoni, dakika chache chache, na tena kabla ya kulala kama siku haikuniua. Siku nikichoka naacha. Kuna mtu alinishauri nijilazimishe "mpaka mwili uzoee." Huyo simsalimii vizuri.

Sijapona, MS haijaondoka, na dawa natumia kama kawaida. Fimbo ninayo, ya safari za sokoni. Lakini natawadha nimesimama, uso mara tatu, sishiki ukuta. Kanga zile kumi na mbili sasa ndizo darasa langu, feni ikiwa imewashwa, na nasoma majina yake moja baada ya jingine huku kichwa kinakwenda. Juzi umeme ulikatika nikiwa na kikombe cha chai cha mteja mkononi. Nikasimama gizani nikisubiri kuanguka. Mteja akawasha tochi ya simu akanimulika, nimesimama, chai yake kamili, akauliza kwa nini natabasamu.

Baba watoto amepata kazi Pongwe, alikuja kuidai timazi yake. Nikamwambia anunue nyingine. Akafungia nati kwenye kamba ya katani akaenda nayo hivyo hivyo, na bado hajanisamehe.