Nilivyong'arisha mawe nyumbani Mtwara kwa mota ya feni

Siku ya nne nilizima mota, nikafungua pipa, mawe sikuyaona. Niliona uji. Uji mzito wa rangi ya majivu, na nilipoingiza mkono nikapapasa vipande sita vyembamba, kama pipi iliyomumunywa ikabaki kidogo. Kilo moja na nusu ya mawe niliyookota ufukweni Msimbati, tena kwa kuchagua moja moja huku watoto wananihimiza tuondoke jua linazama, yote yalikuwa yamesagika.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mimi ni mwalimu wa jiografia. Kila mwaka nasimama mbele ya darasa nikifundisha kipimo cha ugumu wa madini alichokitunga Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812: talki moja, kalsaiti tatu, kwazi (quartz) saba, almasi kumi. Nafundisha kwamba matumbawe ni mawe ya chokaa, na kwamba sehemu kubwa ya chokaa ni kalsaiti. Nyumba za kale za Mikindani ninazozipita kwenye daladala zimejengwa kwa mawe ya jamii hiyo. Halafu mimi huyohuyo nikachukua jiwe la ugumu wa tatu, nikalifungia ndani ya pipa na chenga za kusugulia za silikoni kabaidi, ambazo ugumu wake unapita tisa, nikakaa kusubiri ling'ae. Wanafunzi wangu sikuwaambia.

Chanzo cha yote ni pete. Mjomba wangu, kaka yake mama, ni mchonga vinyago. Anavaa pete ya fedha yenye akiki nyekundu aliyoirithi kwa mjomba wake yeye, maana kwetu Wamakonde mambo mengi hupitia upande huo. Miaka yote ameshika tezo na patasi akiwa nayo kidoleni. Alipokuja kukaa kwetu Chikongola wiki mbili, niliitazama ile akiki nikaona imekwaruzika mpaka imekuwa kama kioo cha simu ya mtoto.

"Mjomba, hii si inaweza kurudishwa?" nikamuuliza.

"Wewe ndiye mwenye shule," akasema. "Lakini ukiniharibia, mpwa wangu, usinirudishie. Kaa nayo."

Baada ya maneno hayo, ni nani angethubutu kuigusa? Nikaamua nijifunze kwanza kwa mawe yasiyo na mwenyewe. Mashine za kuviringishia mawe ndani ya pipa pamoja na maji na chenga, yasuguane mpaka yang'ae, zipo madukani ughaibuni, ila nilipopiga hesabu ya bei, usafiri na ushuru, nikaona bora nitengeneze.

Pipa lenyewe ni bomba la plastiki la inchi nne, lile la maji machafu, urefu sentimita 20. Upande mmoja nikagandisha kifuniko kwa gundi ya bomba. Upande wa pili nikaweka kile kifuniko cha kuzungusha ambacho mafundi bomba hukiacha mahali pa kuzibulia. Ndani nikalivisha tyubu ya baiskeli iliyochanwa, ili mawe yasipige plastiki na kelele zipungue. Pipa linalala juu ya shafti mbili nyembamba zenye beringi, zimevishwa mpira wa maji ili lisiteleze. Mota nilitoa kwenye feni ya kusimama iliyovunjika shingo. Mkanda ni wa cherehani. Puli mbili alinichongea mjomba kwa mninga, ya mota sentimita 2.5 na ya shafti sentimita 8, akinicheka kwamba mtu amesoma mpaka chuo kikuu halafu anakuja kuomba magurudumu ya kuchezea.

Mwendo ndio uliotaka akili. Pipa likienda mbio, mawe yanaganda ukutani yanazunguka nalo bila kusuguana. Likienda taratibu mno yanateleza tu chini. Kwa pipa la upana huo unataka mizunguko kama 60 kwa dakika. Nilichora alama kwa maka penu, nikashika simu yenye saa, nikahesabu 58, nikaridhika.

Kitu ambacho sikukitegemea ni kwamba mota ya feni hupozwa na mapanga yake yenyewe. Nilipoyang'oa, ndani ya saa mbili ilichemka mpaka harufu ikafika sebuleni. Fundi wa redio jirani yangu akakata mfuniko wa ndoo ya rangi, akautengeneza vipanga vinne vidogo, akavipachika nyuma ya mota. Tangu siku hiyo haijachemka tena. Umeme nao hauli sana. Mota ya wati 40 ikizunguka usiku na mchana inakula takriban uniti moja kwa siku. Nilimwonyesha Baba Zuwena hesabu hiyo kwenye karatasi, kwa sababu yeye ndiye anayenunua LUKU na alikuwa ameshaanza kunitazama kwa jicho la pembeni.

Baada ya aibu ya Msimbati nikaanza kupima kila jiwe kabla ya kulibeba. Napitisha ncha ya kisu. Kisu kikiacha mkwaruzo, jiwe laini hilo, naliacha. Jiwe likikwaruza chupa ya soda, hilo naweka mfukoni. Mawe yangu mazuri nimeyapata tulipokwenda ukweni Masasi, tukafika mpaka Mtambaswala, kwenye Daraja la Umoja. Mchanga wa Ruvuma pale una kokoto za kwazi nyeupe, za asali, na nyingine za waridi iliyopauka, mto umekwishazipunguza kona. Okota mbali na maji. Mamba wa Ruvuma si hadithi.

Kazi ndani ya pipa ina hatua nne. Unajaza mawe mpaka theluthi mbili, makubwa na madogo pamoja ili madogo yaingie kwenye nafasi za makubwa. Unatia maji yakaribie kufika juu ya mawe, yasiyafunike kabisa. Kisha chenga: kwa kilo moja na nusu mimi naweka vijiko vinne vya chakula. Hatua ya kwanza ni namba 80, unaziona kwa macho kama sukari nyeusi. Ya pili 220. Ya tatu 600, hizo ni vumbi tupu. Ya nne ni poda ya kung'arishia, ambayo mimi nilitumia oksidi ya alumini. Vyote viliagizwa Dar vikaja kwa basi kwenye kifurushi kilichoandikwa "unga", na kijana wa ofisi ya basi akaniuliza kama ni wa ngano. Poda hizi ukizipima zikiwa kavu vaa barakoa, na jiwe usilisugue kavu hata siku moja, kwa sababu vumbi la kwazi likiingia kwenye mapafu halitoki.

Vitabu vinasema wiki moja kwa kila hatua. Kwazi ya Ruvuma ilinitaka siku 12 kwa hatua ya kwanza peke yake, na chenga nikabadilisha katikati. Pipa liko kwenye kibanda cha kuku nyuma ya nyumba, na kuku walizoea kabla ya majirani. Mama Shadya alivumilia siku tatu, ya nne akaja na kanga begani: "Shoga, usiku kucha unasaga nini? Kama ni dhahabu tuambizane." Nilimwonyesha mawe. Nina hakika hakuniamini. Mimi mwenyewe nimezoea ule mngurumo kiasi kwamba umeme ukikatika usiku, ukimya ndio unaoniamsha, natoka na tochi kwenda kulizungusha pipa kwa mkono tope lisigande.

Maana lile tope likiganda ni saruji. Mara ya kwanza nilimwaga kwenye sinki la kuoshea vyombo. Sitaeleza yaliyofuata wala gharama ya fundi bomba. Siku hizi nina shimo nyuma ya mpapai.

Kati ya hatua na hatua unaosha kila kitu, na ninaposema kila kitu namaanisha mawe, pipa, kifuniko, mpaka kucha zako, kwa mswaki wa zamani. Chembe moja ya namba 80 ikijificha kwenye ufa wa jiwe ikaingia na wenzake kwenye hatua ya mwisho, itachora pipa zima. Jiwe lenye ufa mimi nalitoa, hata liwe zuri vipi. Hatua ya mwisho pia mawe hayatakiwi kugongana, kwa kuwa kwazi ikigongwa inatoka madoa meupe. Nilifikiria kuchanganya na maganda ya korosho, si yamejaa Mtwara nzima? Mama mkwe alinisikia akaacha kupepeta mchele. "Mafuta ya ganda yanakubabua ngozi, wewe huyajui? Umekulia wapi?" Nikakata mpira wa maji vipande vya sentimita moja, nikavichanganya na mawe, vikafanya kazi. Vipande vya hatua moja usivipeleke hatua nyingine, vinabeba chenga.

Wiki ya tano nikafungua pipa la mwisho. Mawe yakiwa bado ndani ya maji yalimetameta, Zuwena akapiga kelele. Nikayaanika kwenye ungo. Baada ya dakika kumi yote yalikuwa yamefifia, yana weupe kama midomo ya mtu mwenye kiu. Nikayarudisha kwenye poda wiki nyingine. Hali ileile. Nikabadilisha poda. Hali ileile.

Nikampigia mjomba, kulalamika tu, wala sikutegemea mchonga mpingo ajue habari za kwazi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ulipotoka msasa wa kwanza kwenda wa pili, uliyatazama?"

"Nimeyatazama, mjomba."

"Yakiwa makavu?"

Sikuwa na jibu.

"Jiwe likilowa linadanganya," akasema. "Hata mpingo ukiupaka mate unang'aa. Mimi kijana wangu akiniletea kinyago kina maji, namrudisha."

Kumbe ndivyo. Maji yanajaza mikwaruzo na kuifanya isionekane, kwa hiyo jiwe baya na jiwe zuri vikilowa vinafanana. Nilikuwa nimeyahamisha mawe yakiwa bado na mikwaruzo ya namba 80, na mikwaruzo hiyo namba 600 haiwezi kuifuta hata ikizunguka mwaka. Haina meno ya kufika chini ya mfereji. Nikarudi mwanzo kabisa, namba 80, siku nane. Safari hii kila nilipofungua nilichukua mawe matano, nikayafuta, nikayaacha juani, nikayatazama na lenzi ya maabara ya shule. Niliyoyaona yana mfereji hata mmoja yalirudi. Mwisho wa yote nikaliendesha pipa saa kadhaa na maji na sabuni ya mche iliyokwanguliwa, kuondoa poda iliyonasa. Yale yaliyokauka kwenye ungo siku hiyo yalibaki yanang'aa, na kivuli cha dirisha kilionekana juu ya kila moja.

Ndipo nikaomba pete.

Akiki ni jamii ya kwazi, ugumu wake karibu sawa, kwa hiyo nilijua ninachokabili. Pete huwezi kuitupa kwenye pipa, lakini mkono unafanya kazi ileile. Wahindi wa Cambay, Gujarat, ambako akiki nyingi za pwani yetu zilitoka tangu enzi za Kilwa, walikuwa wakitia shanga ndani ya mfuko wa ngozi pamoja na maji na unga wa kusugulia, watu wawili wanauviringisha huku na huku siku nyingi. Mfuko ule ndio pipa langu, limeongezewa tu mota.

Fedha ya pete niliizungushia solotepu. Msasa wa maji, ule wa wapaka rangi magari, nilianza na namba 400, kwa kuwa jiwe lilikuwa na umbo lake tayari na sikutaka kulila. Nikaweka kipande cha msasa juu ya sponji ili kifuate mgongo wa jiwe kisitengeneze ubapa. Nikachora jiwe lote kwa penseli, nikasugua upande mmoja tu, mbele na nyuma, mpaka penseli ikatoweka kila mahali. Nikakausha, nikatazama. Namba 600 nikasugua kwa kukata njia ya kwanza, hivyo mkwaruzo wowote wa zamani ulijitokeza ukiwa umelala upande usio wake. Nikaendelea hivyo 1000, 2000. Namba 400 ilinichukua jioni mbili nzima, zilizobaki zote jioni moja. Mwisho nikachukua kipande cha ngozi ya kiatu, nikakipaka poda ya seriamu, nayo ni ya kung'arishia, iliyokorogwa na maji kidogo kama wanja, nikasugua huku nasikiliza taarifa ya habari. Ngozi inapoanza kukauka na kuvutana na jiwe, hapo ndipo kung'aa kunapokuja. Niliuona wekundu ukitoka ndani, na mstari mweupe mwembamba ambao sikuwahi kujua upo.

Mjomba alikuja Ijumaa baada ya swala. Nilikuwa nimeiosha pete dakika hiyohiyo, nikampa ikiwa bado na matone. Hakuitazama. Aliifuta kwa upindo wa kanzu, akaipuliza, akaiweka kwenye kiganja akaendelea kumuuliza Zuwena habari za shule. Ilipokauka ndipo akasogea nayo dirishani, akaigeuza, akapitisha ukucha.

"Hapa pembeni bado," akasema.

Nikachukua lenzi. Palikuwa na mkwaruzo mmoja, karibu na fedha, chini ya mahali solotepu ilipoishia. Nikaenda kutafuta msasa.