Tafakari ya wiki: Ruthu anaripoti kazini

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii tukae kidogo kwenye Ruthu sura ya 2, na nawalenga zaidi wanaoanza kazi mpya mwezi huu, maana wapo, tuliwaombea wapate na wamepata.

Huyu Boazi, mwenye shamba aliyekuja kumuoa Ruthu, tumezoea kumsikia kwenye sendofu na harusi tu, lakini sura ya 2 yote ni habari za kazini. Ruthu ni Mmoabi, mgeni kabisa pale Bethlehemu, mavuno ya shayiri ndo yanaanza na hana mtu zaidi ya mkwewe Naomi. Na sheria ilikuwa upande wake, Walawi 19 inasema masazo ya shamba waachiwe maskini na mgeni, angeweza kuingia tu kifua mbele akaanza kuokota. Yeye akaomba kwanza.

Sasa angalia mstari wa 5 hadi wa 7. Boazi anafika, anauliza huyu binti ni wa nani, na anayejibu ni msimamizi wa wavunaji. Ndo anasema aliomba vizuri, toka asubuhi yupo, kapumzika kidogo tu. Ruthu hata hakuwepo kwenye hayo maongezi! Sisi tukiingia ofisi mpya macho yote kwa bosi, mlinzi getini tunampita, mama wa usafi ana umri wa mama yako na shikamoo hapati, dada wa masijala ndo anajua faili lako limekwama meza gani na mshahara wa kwanza utatoka lini ila jina lake hulijui, halafu bosi akitaka kujua huyu mpya anaendeleaje anawauliza haohao.

Salamu ipo mstari wa 4, Boazi mwenye shamba ndo anaanza, "BWANA akae nanyi," nao wanamuitikia, "BWANA akubariki." Kwa hiyo cheo sio sababu ya kununa.

Na mstari wa 14, saa ya kula, Ruthu anakaribishwa achovye tonge lake kwenye siki, anakaa kando ya wavunaji anakula mpaka anabakiza. Ndugu yangu, ikifika chai ya saa nne toa hizo earphone, nenda kaa na wenzako hata kama andazi lako umebeba kutoka nyumbani. Ila jua hapohapo kwenye chai kuna mtu atakusogelea akuambie ngoja nikupe code za hapa, fulani muogope, fulani ni wa bosi. Msikilize kwa heshima, usiongeze neno. Bado hujui ugomvi wao ulianzia wapi.

Kingine hatukisemi sana kanisani, mstari wa 9 Boazi anawakataza vijana wasimguse, na mstari wa 22 Naomi naye ana hofu hiyohiyo. Maana yake hata shambani usumbufu ulikuwepo. Kwa hiyo dada, kuishi vizuri na watu sio kuvumilia mkono wa mtu kiunoni eti wewe bado mgeni, sema mapema, tena kwa mwenye mamlaka.

Ruthu aliambatana na wale wasichana wa Boazi mpaka shayiri ikaisha na ngano ikaisha. Kama unaripoti Jumatatu tuambie, Jumatano kwenye maombi tukutaje kwa jina, wewe pamoja na hao wenzako ambao bado hujawajua.