Kivuli cha shavu la kushoto kimekubali: picha ya shangazi, jaribio la nne

Leo, kwa mara ya kwanza, kivuli cha shavu la kushoto kimekaa juu ya turubai bila kugeuka tope, na kwa kuwa kimenitesa wiki sita mfululizo, nakiandika kabla sijasahau nilichofanya.

Picha ni ya shangazi yangu, anayeuza dagaa katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Mchoro wa mkaa na tabaka la kwanza la rangi iliyozimuliwa kwa tapentaini havikunisumbua. Taabu ilianzia shavuni: kila nilipotaka kulitia giza, nilichukua rangi ileile ya ngozi, nikaiongezea buluu na nyeusi kidogo, kisha nikaikokota juu ya rangi ya chungwa iliyokuwa bado mbichi. Kilichotokea ni kijivu kizito, kama maji ya mfereji baada ya mvua, na uso mzima ukafa. Mara tatu nilikwangua hadi nyuzi za turubai zikaonekana, na mara ya tatu nilifunga chumba nikaenda kulala bila kuosha brashi, jambo ambalo silifanyi kamwe.

Jumapili shangazi alikaa karibu na dirisha linalotazama ziwa. Mwanga uliopanda kutoka majini ulimgusa chini ya taya, na pale nilipozoea kuona weusi niliona kijani. Nilipomweleza kwamba huenda uso wake ukatoka na rangi za ajabu, alinijibu, "Mwanangu, usinisafishe tu. Jua hili nimeanika nalo dagaa miaka yote, liache lionekane."

Hapo nikaukumbuka mstari wa kijani ambao mchoraji Mfaransa Matisse aliupitisha katikati ya uso wa mkewe mwaka 1905, mwaka uleule ambao mchoraji Mjerumani Kirchner na wenzake waliunda kundi lao la wachoraji, Die Brücke, huko Dresden, Ujerumani. Mstari ule haulitii pua giza. Unaugawa uso kwa rangi, upande mmoja ukawa wa joto na mwingine wa ubaridi. Buluu na chungwa zikichanganywa huuana, lakini zikiwekwa bega kwa bega kila moja huiwasha mwenzake. Basi nilichanganya kijani pembeni, mbali na rangi ya ngozi, nikakiweka kwa kisu cha kupakia rangi, mpigo mmoja kutoka chini ya jicho hadi taya, nikaondoa mkono. Shavu likainuka. Nilisimama mbele yake muda mrefu, moyo ukinidunda.

Kuhusu vifaa, sitarudi kwenye brashi laini za nailoni kwa kazi ya rangi mbichi juu ya mbichi, kwa sababu zinazoa rangi ya chini na kuichanganya bila idhini yangu. Brashi za nywele za nguruwe zinavumilika, ila kisu kinachofutwa kwa kipande cha kanga kuukuu baada ya kila mguso ndicho kilichoniokoa.

Nilikuwa nimepanga kumalizia kilemba na mitumbwi ya nyuma wiki hii, lakini nimeiweka picha kando ikauke. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza, na tangu juzi siwazi kingine ila uso wa shangazi ukimulikwa na karabai kutoka chini, paji likiwa zambarau, kidevu kikiwa njano kali. Amekubali kuja Alhamisi jioni. Turubai jipya, sentimita 40 kwa 50, nimeshalipaka zambarau lote.