Nilivyokipata kisu cha mfukoni kinachonifaa

Kila niliyemwomba ushauri aliniambia ninunue kisu chenye ncha kali iliyonyanyuka. Muuza duka mmoja pale Tanga mjini alinihakikishia kuwa kisu kisicho na ncha ni cha kumenyea viazi tu. Ushauri ule unaniudhi hadi leo, maana hakuna hata mmoja wao aliyeniuliza kisu chenyewe nitakifanyia kazi gani.

Mimi nina kitalu cha michungwa Muheza. Kutwa nzima kisu kinaingia na kutoka mfukoni: kubebesha miche (yaani kupachika jicho, kile kichipukizi cha mchungwa, kwenye shina la mlimau), kukata nailoni ya kufungia, kufungua viroba vya mbolea, kumenya chungwa wakati wa kupumzika. Kudunga, sidungi kitu.

Nikanunua Okapi, kile cha mpini wa mbao chenye pete ya kuachilia kufuli, ambacho zamani kilitengenezwa Ujerumani na siku hizi kinatoka Afrika Kusini. Bei haikuniumiza. Chuma chake nakipenda kwa sababu kinanoleka upesi, ila usiache maji ya limau yakikaukie, kinashika kutu. Taabu ilikuwa umbo. Makali yanapinda kupanda nchani, na pindo hilo ni adui wa jicho la mchungwa. Unapolikata jicho kutoka kwenye kitawi chake, unataka upande wake wa chini uwe bapa ili ulale vizuri ndani ya shina la mlimau. Makali yaliyopinda yanachota. Lilaze jicho lile juu ya ubapa wa kisu, ulitazame kwa ubavu ukielekea jua: utauona mwanga ukipenya katikati. Hapo penye mwanga hapaungi. Wiki 3 hivi baadaye unafungua nailoni, unakuta jicho limekauka na kuwa la kahawia.

Sikununua kingine. Nilikigeuza hicho hicho, na kazi ile najivunia sana.

Fundi wa kuchomelea alitaka kukipitisha kwenye grenda, nikakataa. Grenda ina moto. Chuma kikishageuka buluu, ugumu wake umekwenda na pale mahali hapatashika makali tena. Nikakaa na kinoo chenye chenga kubwa na ndoo ya maji. Siri ni kusaga mgongo, makali usiyaguse kabisa. Unaushusha mgongo taratibu kuanzia karibu na ncha, unachovya majini mara tu kidole kinapohisi joto, hadi ncha ikutane na mstari wa makali chini. Anayesaga kutoka upande wa makali anapata hasara mara mbili: anaondoa chuma kizuri, na ncha inabaki juu, kisu kikikunjwa inachungulia nje ya mpini na kutoboa mfuko. Ukishusha mgongo, ncha inazama ndani ya mpini moja kwa moja. Inachukua muda, na mikono inachoka, lakini kila unapokilinganisha na rula unaona kinakaribia.

Ulaya umbo hilo huliita ukwato wa kondoo. Mabaharia walilipenda kwa sababu chombo kikiyumba halimdungi mtu.

Sasa jicho linatoka bapa. Kwenye shina la mlimau lenye unene wa penseli napiga mkato wa kushuka kwa kona ya kisu, kisha wa kukingama kwa kukibiringisha kidogo, gome linafunguka bila kuchanika. Kiroba nakifungua bila kutoboa kilichomo. Na chungwa! Makali yaliyonyooka yanapita chini ya ganda bila kuchimba nyama yake, linatoka utepe mmoja tangu kikonyoni hadi mwisho, chungwa linabaki jeupe, tayari kukatwa kichwa na kufyonzwa.

Kuchuna mbuzi ni habari nyingine. Hapo makali ya kupinda ndiyo mazuri, yanateleza kati ya ngozi na nyama, kwa hiyo kisu changu cha kuchunia mbuzi wa sikukuu ya Idi nimekiacha kama kilivyo. Wanaopasua samaki nao wana haki ya kudai ncha.

Kunoa nako kumekuwa kwepesi. Kisu cha kupinda kinakutaka uinue kiwiko kila ukifika nchani, ndiyo maana vingi vinakuwa butu mahali pale pale. Changu nakilaza kwenye kinoo, makali yote yanagusa jiwe kwa mara moja, navuta. Nikikosea pembe, nasikia kwa mlio.