Gemu za kunyata na gemu za zamu ni ndugu wa tumbo moja

Nina msimamo ulioniletea ubishi na karibu kila mcheza gemu ninayemfahamu hapa Mtwara. Gemu za kunyata, zile za kupita nyuma ya mlinzi asikuone, na gemu za zamu, zile za kucheza wewe kisha ukatulia adui naye acheze, mimi naziona ndugu wa tumbo moja. Kazi ni ileile: kumsoma mwenzako kabla hujagusa kitu. Mlinzi akitembea kutoka mlangoni hadi dirishani, hiyo ndiyo zamu yake. Akigeuza mgongo, imefika yangu. Tofauti ni kwamba kwenye gemu ya kunyata hakuna anayekutangazia kwamba zamu imefika.

Vijana wa banda la PS jirani yangu hawataki hata kusikia habari hizo. Wao ni mpira toka asubuhi hadi usiku. Wakija dukani kwangu kutoa kopi wakakuta skrini yangu ina mtu mmoja kachuchumaa nyuma ya pipa, wanaguna. "Dada, mbona hasogei? Imeganda?" Haijaganda, nahesabu.

Nina steshenari ndogo Magomeni ya hapahapa Mtwara: kopi, kuprinti, kulamineti vyeti, kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Kompyuta ya mezani inayoliendesha duka ni ya zamani, haina kadi ya michoro, na gemu za risasi za siku hizi haiwezi hata kuzifungua. Hiyo ni sababu mojawapo ya mapenzi yangu, sikatai. Sababu kubwa zaidi ni wateja. Mwanafunzi wa chuo akiingia na fleshi imejaa virusi, ndani yake risechi ndefu ambayo kila ukurasa una pambizo lake, gemu ya zamu inamsubiri mpaka aondoke. Adui hanyanyui mguu mpaka nimruhusu. Gemu gani nyingine ina adabu hiyo?

Kipimo changu cha gemu nzuri nimekitoa kwenye bao. Nimezaliwa Kilwa Masoko, baba ni mtu wa bao tangu siijui dunia. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mmoja anaanza na kete 10 ubaoni, sita kati ya hizo zimo kwenye shimo liitwalo nyumba, na 22 mkononi. Hakuna kilichofichwa na hakuna dadu. Mzee akikufunga amekufunga mchana kweupe, na kila kete aliyokula uliiona ilipokaa. Ndiyo maana wanaofungwa hununa vile, kwani hawana pa kusingizia. Basi na mimi gemu naipima hapohapo: nikishindwa, naweza kueleza kwa nini? Kama naweza, gemu ni nzuri hata ikinitesa.

Kwa kipimo hicho sijaona ya kuishinda Into the Breach ya 2018, kazi ya Subset Games. Uwanja ni miraba nane kwa nane, una mashine zako tatu, na wadudu wakubwa wanatoka ardhini kuvunja miji. Kabla hujagusa chochote gemu inakuonyesha kila mdudu atapiga wapi. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kuvuruga kuliko kuua. Unamsukuma huyu mraba mmoja, pigo lake linamwangukia mwenzake; yule unamziba pale anapotaka kutokea. Bahati nasibu imebaki karibu sehemu moja tu: jengo likipigwa lina asilimia ndogo ya kuhimili, na bahati hiyo iko upande wako. Nikipoteza mji najua kabisa ni mkono gani uliupoteza.

Sasa XCOM, gemu za zamu za kuongoza kikosi cha askari dhidi ya wavamizi kutoka anga za mbali. Enemy Unknown ya 2012 niliicheza sana kwenye laptopu ya kaka yangu, na naiheshimu. Imetokana na ile UFO ya 1994 ambayo wazee wa gemu bado wanaisimulia. Lakini askari wangu kasimama karibu na adui kiasi cha kumgusa na mtutu, skrini inasema nafasi ya kumpata ni asilimia 95, anafyatua, risasi inakwenda kwingine. Kaka hunijibu kuwa 95 si 100. Hesabu ninaijua! Hoja yake nyingine ndiyo yenye uzito: gemu yenyewe inataka ujipange ili hata ukikosa usife, ndiyo maana kinga, yaani kitu cha kujibanza nyuma yake, ikiwa nusu inakupa pointi 20 za kujihami na kinga kamili 40. Hapo nakubali nusu. Nusu nyingine nakataa, kwa sababu askari akifa XCOM hafufuki, na mimi nilikuwa nimempa jina la shangazi yangu.

XCOM 2 ya 2016 ilikaribia sana kunifurahisha. Misheni nyingi unaanza umejificha, adui hajui kama upo, na miraba anayoiona imewekewa alama. Unapanga watu wako taratibu, huyu juu ya paa, yule nyuma ya gari. Dakika hizo ni tamu kuliko sehemu yote iliyobaki ya gemu hiyo. Ukishafyatua risasi ya kwanza kujificha kumekwisha, tunarudi kwenye asilimia.

Waliozifunga ndoa gemu za kunyata na za zamu vizuri ni Klei, studio ya Vancouver, Kanada, kwenye Invisible, Inc. ya 2015. Ni gemu ya zamu, lakini kazi yote ni kunyata ndani ya majengo ya makampuni makubwa, unaiba unatoka. Una wapelelezi wawili mwanzoni na pointi za kutembea. Kuchungulia mlangoni kunakula pointi moja, na karibu kila mlango inakubidi uchungulie. Unaweza kumchunguza mlinzi ukaona zamu ijayo ataelekea wapi. Mraba anaouona umepakwa rangi. Ukimzimisha mlinzi anazinduka baada ya zamu kadhaa, labda mtu wako abaki amemkalia. Ukimuua, mashine inayofuatilia mapigo ya moyo wake inapandisha king'ora.

Na king'ora kinapanda chenyewe kila zamu, hata usipofanya kosa lolote. Hapo ndipo watu wengi wanapoichukia, na ndipo mimi nilipoipenda. Gemu nyingi za kunyata zinaruhusu ukae nyuma ya kabati mpaka kesho, ukimsubiri mlinzi akupe mgongo mara ya arobaini. Hii inakuambia subira ina bei. Chumba kimoja bado sijakifungua, ndani yake pengine kuna hela, pengine kuna walinzi wawili. Nikiingia king'ora kitapanda, nikiondoka nitaingia misheni ijayo sina kitu. Nimewahi kumwacha mteja amesimama na kitambulisho mkononi kwa ajili ya chumba kama hicho. Alivumilia, Mungu ambariki.

Mjomba wangu ni mlinzi wa ghala la korosho. Usiku wa msimu, magunia yakiwa yanasubiri mnada, usingizi kwake ni hadithi. Siku moja alikaa dukani akanitazama nikicheza Commandos, gemu ya kunyata ya 1998 ya Pyro Studios wa Hispania, ambayo ukimbofya askari wa adui inakuonyesha kipande cha kijani anachokiona: sehemu ya karibu anakuona vyovyote ulivyo, sehemu ya mbali ukitambaa hakuoni. Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Kwanza, mlinzi gani anatembea mstari mmoja usiku kucha? "Anayezungukazunguka anataka bosi amwone. Mwizi anamhesabu tu." Yeye hukaa, na taa huiweka mbele yake, si juu yake, ili anayekuja awe mwangani na yeye abaki gizani. Pili, yule mwenzake amepotea hapohapo karibu na wala haulizi yuko wapi?

Hoja ya pili imeniharibia gemu nyingi tangu siku ile. Unamvuta mlinzi kichakani, wa pili anapita palepale akipiga mluzi. Akikuona unakimbia, unajificha, baada ya muda mfupi anasema labda ni upepo, anarudi kwenye mstari wake. Metal Gear Solid V ya 2015 angalau ilijaribu: ukizoea kuwapiga kichwani wanaanza kuvaa helmeti, ukizoea kuja usiku wanaleta miwani ya kuonea gizani. Yaani adui anakusoma na yeye. Sielewi kwa nini wengine hawakuliiga hilo siku ileile.

Gemu pekee iliyopata heshima ya mjomba ni Thief ya 1998, ya Looking Glass. Michoro yake leo inachekesha, nyuso kama zimechongwa kwa panga. Lakini chini ya skrini kuna kito kinachokuambia mwanga umekupiga kiasi gani, na una mishale ya maji ya kuzimia mienge. Halafu sakafu. Ukitembea juu ya zulia husikiki, ukikanyaga marumaru au chuma umejitangaza, na upo mshale wa kuotesha mimea laini sakafuni ili upite kimya. Mjomba akanyamaza kabisa. Akasema ghala linalindwa kwa masikio, majani makavu ya mkorosho ndiyo king'ora chake, na kwamba aliyetengeneza hiyo gemu lazima aliwahi kulinda mahali.

Kuna ugomvi wa kusevu pia. Shadow Tactics ya 2016, iliyotengenezwa na Mimimi wa Munich kwa kufuata nyayo za Commandos, ina saa inayokukumbusha kwamba dakika imepita hujasevu. Kaka anaona huo ni wizi: unajaribu, unakamatwa, unarudi nyuma, mpaka ubahatishe. Kwangu ni sawa kwenye gemu hiyo maana ramani zake ni ndefu na kosa moja linaita kijiji kizima. Bora zaidi ni dawa ya Invisible, Inc., kurudisha zamu nyuma kwa idadi maalumu, zikiisha zimeisha. Mimimi wenyewe walitangaza kufunga studio 2023, muda mfupi baada ya kutoa Shadow Gambit. Iliniuma kama timu imeshuka daraja.

Civilization, gemu ya zamu ya kujenga dola, haipiti kwenye kipimo changu cha bao, ramani imefunikwa na mwisho wake unachosha, unabofya tu. Naicheza kwa sababu ya nyumbani. Kwenye Civilization VI, nyongeza ya Rise and Fall ya 2018, moja ya majengo ya maajabu ni Kilwa Kisiwani. Ndiyo, hiyohiyo ya kuvuka kwa mashua kutoka Masoko. Lazima uijenge penye tambarare kando ya bahari, inakupa wajumbe watatu wa kupeleka kwenye miji huru, na ukiwa mlezi wa mji huru, yaani uliyeupelekea wajumbe wengi kuliko wengine, mji wako unapata nyongeza ya asilimia 15 ya kile mji huo unachotoa. Wametulia waliofikiria hili. Kilwa aliyoifikia Ibn Battuta mwaka 1331 ilitajirika kwa kuwa kati ya watu, dhahabu ya Sofala, huko Msumbiji, ikipita mikononi mwake. Zanzibar nayo imo kama mji huru, ukiwa mlezi wake unapata karafuu na mdalasini. Kinachouma ni pale nimebakiza zamu chache niimalize, linakuja tangazo kwamba Mnorwei ameshaijenga. Kilwa! Huko kwenye barafu!

Na Civilization IV ya 2005, ukiifungua tu, inaimba Baba Yetu ya Christopher Tin, sala kwa Kiswahili, wimbo wa kwanza wa gemu kupata Grammy, mwaka 2011. Wateja huuliza ni kwaya ya parokia gani.

Mwenye kompyuta kama yangu namshauri aanze na Mark of the Ninja ya 2012, ya Klei haohao. Kila kelele yako inachorwa duara skrinini, mlinzi aliye ndani ya duara amesikia, aliye nje hajasikia, na hapo unaielewa kanuni yote bila mtu kukueleza. Ukiimaliza inafunguka awamu ya pili ambamo maduara yameondolewa na huoni kilicho nyuma ya mgongo wako. Mjomba anasema hiyo ndiyo ingetakiwa kuwa ya kwanza. Mimi nasema mtu aonyeshwe kwanza. Msimu wa korosho umeanza, usiku hana nafasi, kwa hiyo tunabishana kwa ujumbe wa sauti.