Ukitaka watoto waijue Korea, anza na dagaa

Kimchi, ile kabichi yao ya kuchachusha yenye pilipili, iache kwanza. Kama una watoto na unataka waijue Korea kupitia tumbo, kaanga dagaa.

Wanangu wameijua nchi hiyo kwenye runinga, kwa zile tamthilia zilizotiwa sauti za Kiswahili ambazo wanaziangalia na bibi yao, mama mkwe wangu, hapa kwetu Tabata. Maswali yakawa hayaishi. Mbona mezani vibakuli vingi hivyo? Mbona yule kijana kageukia pembeni ndiyo akanywa? Bibi analolijua anajibu, asilolijua anatunga. Nikaona bora tuhamie jikoni.

Vile vibakuli vinaitwa banchan. Ni mboga ndogondogo zinazowekwa katikati, kila mtu anachota kidogo akisindikiza wali wake. Na mojawapo ni dagaa: myeolchi bokkeum, ambayo watoto wa Korea hufungiwa sana kwenye chakula cha kubeba. Dagaa wao ni wa baharini, huchemshwa kisha wakakaushwa, ndugu kabisa na hawa wanaotoka Zanzibar. Wa Mwanza waache kwa siku nyingine, ladha yao inakwenda njia yake. Chagua wadogo wadogo. Wakiwa wakubwa utashinda mezani unajibu kesi za vichwa.

Weka kikaango kikavu kwenye moto mdogo, geuza dagaa mpaka ukimvunja mmoja umsikie akikatika. Waepue, wapepete kwenye ungo vumbi litoke (hiyo ni kazi ya mwanangu mdogo, na haruhusu mtu amsaidie). Futa kikaango, tia mafuta kidogo, kitunguu saumu kilichotwangwa, soya sosi kijiko kimoja na asali kijiko kimoja. Wenyewe hutumia zaidi sharubati ya nafaka, lakini asali inatosha. Mchuzi ukianza kutoa mapovu, rudisha dagaa pamoja na karanga zilizokaangwa, geuza haraka, zima moto, nyunyiza ufuta. Usiende kupokea simu hapo katikati; asali ikizidi moto inakuwa gundi na dagaa wanashikana bonge moja. Mwanangu mkubwa, ambaye dagaa wa mchuzi huwa anawasukuma pembeni ya sahani, hawa anawadokoa kama bisi.

Lakini kilichowaingia watoto kuliko chakula ni adabu ya meza. Korea mdogo hagusi kijiko mpaka mkubwa aanze. Kitu ukipewa na mkubwa unapokea kwa mikono miwili. Na yule kijana wa kwenye tamthilia aligeuka kwa sababu kunywa pombe ukimkodolea macho mkubwa wako ni utovu wa heshima. Bibi kusikia hivyo akajiweka sawa kwenye kiti. "Mimi kila siku nasema nini humu ndani?" Tangu hapo Wakorea ni watu wake.

Wali na supu huliwa kwa kijiko, vijiti ni vya mboga, na vijiti vyenyewe ni vya chuma, vinateleza balaa. Bakuli la wali linabaki mezani, halinyanyuliwi. Na usisimamishe vijiti kwenye wali, maana inakumbusha ibada ya marehemu. Hilo la mwisho mdogo kalishika barabara. Juzi kamkuta baba yake kachomeka kijiko kwenye ugali, alivyomkemea!

Bulgogi ni rahisi zaidi: nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande vyembamba (igandishe kidogo kwanza ndiyo kisu kitatii), soya sosi, sukari, kitunguu saumu, mafuta ya ufuta. Wao hukwaruzia pea ili nyama ilainike. Mimi natia papai bichi, kama la mishikaki, kidogo tu. Ikishaiva unaifunga kwenye jani la saladi na wali, tonge moja, mdomoni. Hapo hakuna mtoto anayehitaji kubembelezwa. Ugomvi uko kwenye wali: wa kwao unashikana, mchele wetu wa Kyela hautaki, kwa hiyo naongeza maji. Bibi anauita bokoboko na anapikiwa wake.

Siku za kuzaliwa tumeongeza supu ya mwani, miyeokguk. Korea mama akijifungua hunyweshwa supu hiyo, na kila mwaka mtoto huinywa siku yake, akimkumbuka aliyemzaa. Bibi akawasimulia uji wa pilipili manga aliopikiwa alipomzaa baba yao, stori ambayo hata mume wangu hakuwahi kuisikia. Mwani unaolimwa na kina mama wa Paje na Jambiani si wa aina hiyo, kwa hiyo nanunua wa pakiti, mkavu. Loweka mdogo sana. Kiganja kimoja kinavimba mpaka kinajaza bakuli, na watoto husimama hapo wakiutazama.

Sasa ndiyo tumefika kwenye kimchi. Kabichi ya kawaida, chumvi, tangawizi, kitunguu saumu, sosi ya samaki na pilipili yao ya unga, isiyo kali kama yetu. Kwa joto la Dar inachacha upesi: siku moja nje, kisha friji, na kifuniko ukilegeze hewa itoke. Wakati tunapaka viungo kwenye kabichi nikawaambia kwamba UNESCO iliuweka utamaduni huu kwenye orodha yake mwaka 2013 kwa Korea Kusini, na 2015 kwa Korea Kaskazini. Mkubwa akauliza kwa nini waorodheshwe mara mbili wakati kimchi ni ile ile. Ikabidi nirudi 1945, nchi ilipogawanywa, na kabichi yote ikaisha bado nasimulia.

Chupa iko kwenye friji. Bibi ameomba ihamishwe rafu, ikae mbali na mtindi wake.