Sinema ya Garini: Safari ya Kwanza Ilituvunja Moyo

Mama yangu alipokuja kututembelea hapa Ohio mwezi Juni, nilikuwa nimeshaapa kwamba hatarudi Dar es Salaam kabla sijampeleka draivini, yaani sinema ya uwanjani inayotazamwa ukiwa ndani ya gari. Yeye ni mtoto wa Kinondoni, na draivini ya Msasani, iliyofunguliwa mwaka 1966 mahali ambapo leo umesimama ubalozi wa Marekani, ndiyo sinema ya utoto wake. Tangu nikiwa mdogo nimemsikia akisimulia jinsi mjomba wake alivyowapakia watoto wote wa nyumba nyuma ya pikapu, wakatandikiwa mkeka, na spika ikatundikwa dirishani. Ohio ni miongoni mwa majimbo yaliyobakiza sinema nyingi za namna hiyo, kwa hiyo sikuwa na kisingizio.

Mwenzangu kazini alinishauri tufike saa moja jioni kwa kuwa filamu, kwa maelezo yake, ingeanza saa mbili. Ushauri huo uliniudhi kuliko jambo jingine lolote la usiku ule. Mwishoni mwa Juni jua la huku huzama baada ya saa tatu usiku, na hakuna projekta inayoweza kushindana na jua. Saa za Marekani husogezwa mbele wakati wa kiangazi, jambo ambalo wenye draivini wamelilalamikia miaka na miaka kwa sababu linawachelewesha kuanza. Tulilipa dola arobaini na kitu kwa watu watano, kisha tukakaa zaidi ya saa mbili tukitazama skrini tupu, huku watoto wakimaliza bisi na juisi yote. Picha ya kwanza ilipotokea, mdogo alikuwa ameshalala.

Siku hizi sauti ya draivini hurushwa kwa masafa ya FM na kila mtu huinasa kwa redio ya gari lake. Gari letu lilikuwa na tabia moja ambayo hatukuwahi kuijali: kila tulipowasha swichi ili redio isikike, taa za mbele nazo ziliwaka, zikaupiga mwanga ukuta wa magari yaliyokuwa mbele yetu. Honi zilitulilia kutoka kila upande. Baba watoto alizima kila kitu, na kwa muda mrefu tukatazama watu wakifungua midomo bila sauti.

Hapo ndipo mama aliposema, "Kwani mwanangu, taa haifunikiki?" Akaitoa begani doti yake ya khanga, akatenganisha vile vipande viwili na kukunja kila kimoja mara nne. Baba watoto akainua boneti, tukalaza pindo la khanga ukingoni, tukaifunga boneti juu yake taratibu, na kitambaa kikashuka mbele ya taa kama pazia la dirisha. Upande wa kulia mwanga ulibaki ukichungulia chini, hivyo tukakunja upya hadi giza likakamilika. Jirani aliyekuwa akipiga honi alishuka garini kuja kuangalia, akacheka kwa furaha na kumpa mama mkono. Taa zetu ni za LED zisizotoa joto jingi kwa mbele. Mwenye taa za zamani zinazochoma asithubutu kufanya hivyo.

Tulipata kama saa moja ya raha, kisha betri ikafa. Filamu ilikwisha tukiwa tumesimama nje na nyaya za kubusti za mtu mwingine mikononi. Njiani mama alisema tu, "Asanteni, wanangu," na mimi ninaijua sauti yake anapotaka kutuliza mtu aliyeshindwa. Sikulala vizuri.

Tulirudi katikati ya Agosti, wiki mbili kabla ya safari yake, wakati giza lilikuwa likiingia mapema kwa zaidi ya nusu saa. Watoto niliwalaza mchana kwa lazima. Katika kitabu cha gari niligundua kwamba ukivuta breki ya mkono kabla ya kuwasha swichi, zile taa haziwaki kabisa. Ningalikisoma mwezi Juni, khanga isingepata grisi. Hata hivyo redio ya gari hatukuigusa, kwa kuwa nilinunua redio ndogo ya betri kwa dola ishirini hivi, na huo ndio ununuzi ninaomsihi kila mtu aufanye kabla ya kukata tiketi.

Gari tuliliegesha kinyumenyume katika safu za nyuma, tukafungua mlango wa nyuma na kuufunga kwa kamba usiinuke kupita paa, maana ukiuacha ukapanda unawaziba wengine. Ndani tulitandika mkeka ambao mama mwenyewe alituletea kutoka nyumbani. Alipanda akajilaza katikati ya wajukuu wake, akaisikiliza ile redio kidogo, halafu akaomba kamba iliyobaki. Akaitundika redio kwenye dirisha la pembeni, kimo cha sikio la mtoto, akaisogeza kidogo kushoto, akasema, "Hapo. Ilikuwa hapo."